Derinja Kwenye Droo ya Cherehani

Siku ile nyumbani kwa mzee, mtaa wa Observatory, Johannesburg, tulikuwa watu watano. Mzee mwenyewe, mwenye nyumba na mwenye bastola. Mama, mfanyakazi wake wa ndani, Mzulu wa miaka hamsini na kitu, ambaye mzee na mimi sote tulimwita Mama. Wanaume wawili wa ambulensi, mmoja mrefu, mwingine mwenye miwani. Na mimi, mshonaji. Nawataja wote kwa sababu kwenye karatasi ya polisi waliandikwa wanne tu, na aliyeachwa nje ni mimi.

Ulikuwa mwaka 2008, miezi michache baada ya majuma yale ambayo wageni tulifukuzwa mitaani, na nilikuwa bado sipokei simu ndani ya teksi nisije nikasikika. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Baba alifia kwetu Uvira, Kongo. Mama mzazi alituleta Johannesburg, akafa kwa kifua kabla hatujamaliza mwaka wa pili. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikarithi cherehani yake na wadogo zangu watatu, na tangu hapo sijawahi kulala mbali nao hata siku moja. Hilo nalisema kwa sababu ndilo nililojitetea nalo miaka yote, na lilikuwa kweli.

Mzee alikuwa mkusanyaji. Alikusanya kitu kimoja tu: derinja, bastola ndogondogo za zamani zinazoenea kwenye kiganja, ambazo huko Marekani wacheza kamari walizificha kwenye mikono ya makoti na mabibi kwenye mifuko ya magauni. Alikuwa nazo ishirini na tatu. Alizinunua kwenye minada na kwa wajane wa wakusanyaji wenzake, na kila moja ilikuwa na namba yake kwenye daftari la jalada gumu.

Nilimfahamu kwa sababu ya mifuko. Alikuja barazani nilipokuwa nashonea, Yeoville, akatandaza mezani kwangu vipande vya karatasi alivyovikata kwa makasi, kila kimoja na umbo lake: kichwa kidogo, tumbo, mkia uliopinda. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokota kama bata hao niwajaze pamba au sponji. Alicheka mpaka akashika meza.

Juma lililofuata nilikuwa sebuleni kwake nikipima bastola zenyewe. Alitaka kila moja iwe na mfuko wake, tena si wa ngozi, kwa maana ngozi ina dawa ya kiwandani inayokula chuma polepole. Nikanunua flaneli nyeupe, nikaifua mara tatu kutoa wanga wote, nikashona mshono ukiwa upande wa nje usikwaruze mbao. Hakuna kifungo, hakuna zipu, uzi wa pamba tu wa kufungia. Pembeni nilitarizi namba. Kazi ya mwezi mmoja ikawa ya mwaka, maana alikuwa akiuza moja na kununua nyingine, na akishaona mkono wangu ni mwepesi alinifundisha pia kuzifuta na kuzitia mafuta.

Kulikuwa na adabu yake. Bastola hupewi mpaka anayekupa ahakikishe ni tupu mbele ya macho yako, na wewe ukiipokea unahakikisha tena, hata kama mmeangalia pamoja sasa hivi. Rafiki zake walikuja Jumamosi, wazee wanne wenye glavu nyeupe, wakanywa chai na kupeana chuma kwa mtindo huo, kila mmoja akichungulia. Mama alipita na sinia akasema, "Angalia hawa. Wanachungulia kama wanatafuta chawa." Mzee alikielewa Kizulu kuliko wageni wake wote. Alicheka, akaendelea kuchungulia.

Alikuwa mzungu aliyezaliwa shambani huko Natal, na Kizulu alikisema kwa kila mtu mweusi bila kuuliza ametoka wapi. Mimi nilikikisia kwa kupitia Kiswahili. Nyama kwao ni inyama, nyoka ni inyoka, ndovu ni indlovu, baba ni baba. Palipofanana nilishika, pasipofanana nilitikisa kichwa. "Huyu mtoto," Mama alikuwa akisema, "anaitika yebo hata akiulizwa jina lake." Ndiyo, ndiyo, niliitika, na wao walicheka.

Namba kumi na saba ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa na mtutu mmoja mfupi, baruti na risasi vikiingizwa mdomoni kama kwenye chupa, na kwenye mpini wa mbao palikuwa na kibamba cha fedha kidogo kama ukucha. Baba yangu aliuawa kwa bunduki. Nasema hivyo mara moja tu, nisije nikatafuta huruma. Lakini mtoto wa mtu aliyeuawa kwa bunduki alikaa sebuleni Observatory akisubiri kwa hamu zamu ya namba kumi na saba ifike, aifute taratibu kuliko zile nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Najua kwa sababu kwenye mlango wa jikoni ilitundikwa blauzi nyekundu ya Mama yenye kola nyeupe, imepigwa pasi kwa ajili ya kesho. Alhamisi ndiyo siku ya kupumzika ya wafanyakazi wa ndani, na ndiyo siku ya umoja wa akina mama kanisani kwao. Mama alikuwa ameivaa blauzi ile miaka kumi na tisa. Bila hiyo huketi nao, huombi nao, na ukifa hawakuimbii kaburini. Hupewi kwa kuomba. Unapewa ukishajulikana kuwa mwenendo wako ni safi.

Mzee alikuwa ameketi, bastola zote juu ya blanketi mezani, sefu wazi nyuma yake. Nilikuwa nimeleta mfuko mpya wa namba kumi na saba, wa zamani ukiwa umechakaa. Aliitia ndani, akafunga uzi. Halafu upande mmoja wa uso wake ukateremka, kama pazia lililong'oka pembeni. Nilimwita Mama. Mama ndiye aliyepiga simu, ndiye aliyemlaza, ndiye aliyemvua viatu.

Wanaume wa ambulensi walipomweka kwenye machela Mama alishika pembe nne za blanketi, akazibeba bastola zote kwa pamoja, akaziingiza ndani ya sefu na kusukuma mlango wake mpaka ukajifunga. Alikuwa sahihi. Nyumba inaachwa tupu, silaha haziachwi mezani. Hakuhesabu, na nani angehesabu? Namba kumi na saba ilikuwa bado mkononi mwa mzee. Wakimpitisha karibu yangu aliniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake kwa mkono wake mzima, akasema neno moja kwa mdomo uliopinda.

"Linda."

Mama alipanda ambulensi pamoja naye, ameshika kitambulisho chake na dawa zake. "Vuta mlango, utajifunga," aliniambia. Nilivuta mlango. Bastola niliitia kwenye begi langu la makasi na futi, nikatembea mpaka nyumbani.

Ningeweza kumwambia Mama palepale. Nilijiambia nimeagizwa. Mzee kasema linda, nami nailinda mpaka arudi, nitampa mkononi kama alivyonipa. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba njia nzima niliingiza mkono kwenye begi na kuigusa, na nilikuwa na furaha.

Mzee hakurudi. Alilala hospitali majuma matano bila kusema, akafa. Juma la pili binti yake, anayeishi Randburg, alimleta fundi wa kufungua sefu. Daftari lilisema ishirini na tatu. Ndani mlikuwa na ishirini na mbili. Aliwaita polisi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya bunduki ikikosekana.

Sikujua hayo. Siku hiyohiyo nilikuwa nimekwenda kuuliza hali ya mzee, na bastola nilikuwa nayo begini, niiache kwa mtu wa nyumbani. Nilikuta gari la polisi getini. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni, mikono magotini.

"Usiingie," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza rahisi nisikose kuelewa. "Namba kumi na saba haipo. Wanauliza nani alikuwepo. Nimewaambia ni mimi, mzee na wale wa ambulensi."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nimesema hivyo. Na karatasi yako hiyo ya ukimbizi watakusumbua bure, na wale watoto wako nani atawapikia?" Halafu akaniangalia. "Wewe hukuiona, mwanangu?"

"Hapana, Mama," nilisema.

Ilikuwa begini, imegusa ubavu wangu. Kati yetu hapakuwa na hatua mbili.

Nimejaribu kulieleza jibu lile kwa namna nyingi. Silaha bila leseni ni jela; mkimbizi akifungwa kibali chake kinakwisha; wadogo zangu wangegawanywa huku na huku. Yote niliyawaza, lakini niliyawaza baadaye, nikiwa njiani kurudi. Pale kwenye ngazi neno lilitoka kabla ya wazo lolote.

Mama hakufungwa, kwa kuwa hawakupata kitu chumbani kwake. Aliachishwa kazi bila barua ya sifa, na Johannesburg mfanyakazi wa ndani asiye na barua hafunguliwi geti. Mwanamke aliyefanya kazi nyumba ya tatu, mwenzake wa kanisani, alipeleka habari. Alhamisi iliyofuata walimwambia akae kando mpaka jambo lijulikane. Blauzi aliikunja mwenyewe, akamkabidhi mwenyekiti.

Hayo niliyasikia kwa muuza mboga wa mtaa ule, nikarudi kushona.

Bastola niliiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Kila mwezi niliitoa nikaifuta, nikaitia mafuta yaleyale ya mashine. Niliichungulia kwanza kama ni tupu, peke yangu, kama niliyefundishwa adabu. Nilijua ni makosa kuipenda na niliendelea. Mfuko ulipoingia doa niliushonea mwingine, nikatarizi namba ileile.

Mdogo wangu anayenifuata, akiwa darasa la tisa, ndiye aliyeikuta, akitafuta sindano.

"Yaya, hii ni nini?" Kwetu mkubwa wako unamwita yaya.

Nikamweleza. Kwamba mzee alinikabidhi, kwamba aliniambia nilinde.

"Alisema kwa lugha gani?"

"Kizulu. Alisema linda."

Alinikodolea macho, kisha akaanza kucheka, akaziba mdomo. "Yaya, bana. Linda ni subiri. Ukifika dirishani kliniki wanakuambia linda, unakaa kwenye benchi. Mtu amekuambia subiri, wewe ukabeba bunduki ukaenda nayo?"

"Nyamaza, watasikia."

"Eish, yaya." Hakucheka tena. "Na yule mama je?"

Alikuwa na miaka kumi na minne, na aliuliza kabla yangu. Nikamwambia amalize shule kwanza. Nilimaanisha kwamba wakishasoma wote, wakiweza kujilisha bila mimi, nitakwenda kusema, na wakinifunga wanifunge. Nilidhani huo ni uthabiti. Sikumuuliza Mama kama naye alikuwa tayari kungoja.

Mwaka 2010 serikali ilitoa miezi ya kusalimisha silaha bila kuulizwa maswali. Nilikwenda mpaka kwenye foleni ya kituo cha polisi, begi mkononi. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja na bunduki ndefu ya marehemu mumewe, ameifunga kwa shuka. Nikamuuliza watazifanyia nini. "Wanaziyeyusha," alisema. Nilitoka kwenye foleni. Nilijiambia ikiyeyushwa hakutakuwa na cha kumsafishia Mama jina, na hilo lilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba nilikuwa nimeona moto na kibamba kile cha fedha ndani yake.

Mwaka 2013 mdogo wangu yule alipata kazi ya ofisini kwenye ghala moja Midrand. Siku alipotuletea mshahara wa kwanza sikuwa na sababu iliyobaki. Nilipanda teksi mpaka Randburg. Binti wa mzee alinifungulia mwenyewe, mvi zimemtoka. Niliweka mfuko juu ya meza yake na kusema yote kwa mpangilio niliokuwa nimejifunza njiani. Hakunikatiza.

Alifungua uzi, akaitoa, akaichungulia kwanza. Kisha akaigeuza kwenye mwanga.

"Umeitunza kuliko baba," alisema.

"Mama hakuiba. Hakujua hata kama ninayo."

"Nimeelewa." Akaukunja mfuko mtupu. "Wewe uliogopa nini?"

"Leseni. Jela."

Aliiweka mezani polepole. Mirathi ya baba yake, alisema, ilimlazimisha kuisoma sheria ya silaha kwa kila bastola, moja baada ya nyingine. "Hii inajazwa kwa mdomo, na imetengenezwa zamani sana. Sheria haiihesabu kuwa bunduki. Haihitaji leseni. Mtu anaweza kuiweka kabatini kama sahani."

"Sasa mbona uliita polisi?"

"Sikujua wakati ule. Niliona iko kwenye daftari, nikadhani bunduki ni bunduki."

Tulitazamana, wanawake wawili wasiojua kitu. Ningeweza kuitoa begini siku ile kwenye ngazi na hakuna ambaye angenifunga. Mama alinificha pasipokuwa na haja ya kunificha, nami nikamwacha aanguke kwa ajili ya hatari ambayo haikuwepo.

Binti aliandika barua palepale, ukurasa mzima, kwamba Mama alifanya kazi kwao kwa uaminifu na kwamba alishukiwa kwa makosa. Akaitia sahihi, akanipa mimi. "Wewe ndiye wa kumpelekea," alisema. Bastola ilibaki mezani. Niliondoka bila kuiangalia, na mpaka nafika getini vidole vyangu vilikuwa bado vinaitafuta.

Mama nilimpata Tembisa, kwa mwanawe wa kike, nyumba ya bati yenye ua safi. Alikuwa amepungua, anatembea kwa fimbo. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Yebo ameingia," alisema, akanivutia kiti.

Nilipiga magoti badala ya kukaa. Nilimwambia, kwa Kizulu changu, ambacho sasa kilikuwa kinatosha kusema uovu. Alisikiliza akiangalia mlango. Nilipofika kwenye neno la mzee, nikaeleza jinsi nilivyolisikia na jinsi mdogo wangu alivyonisahihisha, aliinua mkono.

"Mdogo wako anajua Kizulu cha benchi. Linda ni kusubiri, na ni kulinda pia. Mlinzi wa getini kwetu ni umlindi. Mzee alitaka lipi, ameondoka nalo." Akavuta pumzi. "Wewe ulisikia lile lililokufaa."

"Ndiyo, Mama."

"Na pale ngazini nilikuuliza kwa lugha unayoijua."

Nikampa barua. Mwanawe aliisoma kwa sauti, Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaikunja.

"Ni nzuri. Lakini magoti haya hayasafishi nyumba ya mtu tena. Barua ilikuwa ya mwaka ule." Akanirudishia macho. "Mimi nataka blauzi yangu. Na ile hairudishwi kwa karatasi ya mzungu. Utakwenda Alhamisi, utasimama mbele ya wale wanawake, utasema kwa mdomo wako. Si mdogo wako akusemee. Wewe."

"Nitakwenda, Mama."

Nilikwenda. Ukumbi wao uko nyuma ya kanisa, na nilifika wakiwa wanapanga viti. Nilivaa vizuri, futi ikining'inia shingoni kama kawaida yangu, maana nilitoka moja kwa moja kazini. Mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba, alinitazama kifuani, uso ukamng'aa.

"Ah, wewe ndiye fundi. Tulidhani hutakuja. Hawa sita ni wapya, anza nao."

Walikuwa wamemtafuta mshonaji wa blauzi kupitia mtu, na mshonaji huyo hakuwa mimi. Nilifungua mdomo kusema. Msichana wa kwanza alikuwa tayari ameinua mikono apimwe.

"Yebo, Mama," nilisema, na nikavua futi.

Niliwapima wote sita. Nilirudi nyumbani na vipimo vyao, nikawashonea, nikawapelekea, wakanishukuru kwa wimbo. Nikiwa nimezungukwa na blauzi zile nyekundu nilijaribu tena, na nikaona namna wanavyonitazama, kama mtu mwema. Niliondoka.

Sasa ni 2014. Kila Jumapili nampigia Mama, sijakosa hata moja. Huniuliza habari za wadogo zangu kwa umri wao, halafu huja swali lilelile.

"Umesema?"

"Bado, Mama."

Hanigombezi. Jumapili iliyopita tu ndipo aliongeza neno. "Mwanangu, mimi sikuwekei siku. Lakini mwenyekiti yule ana sukari, wamemkata kidole cha mguu. Hawa wapya wako sita hawanijui mimi ni nani. Ukiwaambia, watasikitika kama watu wanaosikia hadithi. Nawataka wale waliokuwepo nilipoikunja blauzi."

Nikamuuliza wamebaki wangapi.

Alihesabu taratibu, akitaja kila mmoja na ugonjwa wake. Wamebaki watatu.